Magofu ya Pompei na Meza ya Shamba la Mizabibu

Tangu turudi, simu ya nyumbani haijapoa. Ndugu wa Wheaton wamesikia kwamba tulipotea Italia tukalala stesheni. Wa Oxon Hill wamesikia kwamba mimi, Hamadi, mzee mzima nisiyekosa swala ya Ijumaa, nimeonekana na glasi ya divai mkononi. Na wenzangu madereva, pale kwenye foleni ya teksi nje ya hoteli, wana habari yao ya tatu ambayo sitaiandika. Basi nimeona nikae kitako niandike mara moja, kila mtu asome, tupumzike. Mambo ya tiketi na viza nayaruka, hayana ladha. Nitaanzia pale tulipofunga mlango wa nyumba.

Kwanza, kwa wasiomjua mke wangu. Bi Saada alikuwa mwalimu wa historia kwetu Unguja kabla hatujahamia huku Marekani, na ulimi wake ulijulikana Alexandria nzima hadi ng'ambo ya mto. Hapakuwa na harusi ya Waswahili ambayo yeye hakuonja pilau na kutoa hukumu. Mwaka jana, baada ya Idi, kiharusi kikampiga. Mguu wa kulia ukalegea, na mkono pia, lakini kilichotuvunja moyo ni maneno. Akili yake nzima, anaelewa kila kitu, ila akitaka kusema mdomo unabaki wazi, hakitoki kitu. Katika maneno yote ya mwalimu yule yakabaki mawili tu: "haya" na "bado." Kwa maneno hayo mawili aliendesha nyumba. "Haya" ilikuwa asante, karibu, sawa na nenda zako, kutegemea alivyoitamka. Lakini wageni hakuwataka tena. Mlipokuja kumtazama mlikaa na mimi sebuleni, yeye chumbani.

Pompei aliisoma chuo cha ualimu: mji wa kale wa Warumi uliofukiwa na mlima wa volkano. Akawa anawasimulia wanafunzi wake siku ya mwisho ya muhula, kama zawadi. Siku moja binti yetu Nasra alikuja na gazeti la matangazo ya safari, ndani yake mna picha ya mji ule. Saada akaweka kidole juu ya picha, asikiondoe. Daktari alikubali, mradi tusiende mbio. Watu ndio hawakukubali. "Unampeleka mgonjwa akaangalie mawe?" aliniuliza mmoja wetu tukitoka kuswali. Nilijua tu kwamba kwa miezi yote ile hicho ndicho kitu cha kwanza alichokitaka.

Kutoka Alexandria hadi Dulles

Aliyetupeleka uwanja wa ndege ni Papa Mbuyi, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini. Tulikubaliana aje mapema. Tukakaa na mabegi ukumbini, mimi nikitazama saa, Saada akinitazama mimi. Alipotokea, gari lake lilikuwa linang'aa, linadondosha maji.

"Mzee, usikasirike," alisema. "Nilienda kuosha gari. Mama hawezi kwenda kupanda ndeke akitoka mu gari ya buchafu."

Ndeke kwao ndiyo ndege. Ungemkasirikia vipi mtu kama huyo? Lakini barabara kuu ilikuwa imeziba, na mimi ambaye kazi yangu ni kukaa kwenye foleni za magari nilijikuta nakanyaga breki isiyokuwepo. Papa Mbuyi hakujali. Alimpa Saada karanga kwenye karatasi, akamweleza habari za mama yake Lubumbashi njia nzima, bila kungoja jibu. Saada alizitafuna karanga zake na kuitikia "haya" kila ilipostahili. Nikaona kwamba yale yalikuwa mazungumzo kamili.

Tukaingia Dulles tunahema, kumbe ndege yenyewe imecheleweshwa na mvua ya radi. Jioni nzima tukakaa kwenye viti vya ukumbi. Mama mmoja wa Kimarekani aliyekaa karibu na Saada akamuuliza jina lake. Saada akajibu lile alilokuwa nalo: "Haya."

"Haya! Jina zuri sana hilo," akasema yule mama kwa Kiingereza, na tangu hapo ikawa Haya anataka peremende, Haya angalia picha ya mjukuu wangu. Nilitaka kusahihisha, Saada akanikanyaga mguu. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Niligeuka upande kama ninayetazama ndege, maana sikuwa nimeyaona mabega yale yakitikisika kwa kicheko tangu augue.

Angani, na treni isiyo na haraka

Ya angani ni machache. Nilieleza sana kwamba hatuli nguruwe, na kwa maelezo yangu marefu mhudumu akaelewa kwamba hatuli chochote kilichopikwa. Wenzetu wakapata wali na kuku, sisi tukaletewa majani, karoti na tufaha. Saada alinitazama kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno.

Roma tulipokea begi moja kati ya mawili. La Saada lilikuja. Langu, lenye viatu vya kutembelea, lilibaki sijui wapi. Miguuni nilikuwa na makubadhi niliyovaa ili miguu ipumue ndani ya ndege. Nikajiambia makubadhi yamenivusha mengi, yatanivusha na haya.

Treni ya Napoli nayo tuliikosea. Ilikuwepo ya haraka, sisi tukapanda ile inayosimama kila penye watu wawili na mbuzi. Behewa letu lilijaa wanakijiji. Mzee mmoja akafungua kikapu, akatukatia mkate, jibini na soseji. Mkate na jibini tukapokea. Kwa soseji nikawa sina lugha. Nikaminya pua yangu kwa kidole, nikakoroma kama nguruwe, nikatikisa kichwa. Behewa zima likaangua kicheko, na mzee akakoroma vilevile kuhakikisha kwamba tumeelewana. Soseji ikarudi kikapuni, yakatoka mayai ya kuchemsha na machungwa.

Mkewe alimwona Saada anahangaika na chungwa kwa mkono mmoja. Hakuuliza kitu. Alilichukua, akalimenya, akalipasua vipande, akampangia juu ya leso mapajani, kisha akaendelea na hadithi yake na jirani. Saada akasema "haya," safari hii polepole, na yule mama akamgusa shavu.

Tuliotarajia kufika mchana tukafika Napoli jua linazama. Wa Wheaton, hatukulala stesheni. Saada alisinzia begani kwangu kwenye benchi tukingoja teksi, basi. Na teksi yenyewe ilipokuja, mimi niliyeendesha teksi miaka yote hii nilishika mlango kwa mikono miwili na kusoma kila dua niliyoikumbuka.

Ndani ya mji wa mawe

Asubuhi basi dogo likatuchukua, sisi na watalii wengine wachache. Mwongozaji wetu aliitwa Carla, mwanamke mwembamba mwenye mwavuli mwekundu ambao aliunyanyua juu ili tusipotee. Alisema Kiingereza kizuri. Njiani nilimweleza habari ya Saada, kwamba alikuwa mwalimu, kwamba alipatwa na nini. Yeye naye akatufundisha maneno mawili matatu ya Kitaliano: jua, mlima, zabibu.

Mlangoni pa magofu akaitazama bakora ya Saada, kisha makubadhi yangu, kisha akaniuliza mimi: "Ataweza kutembea? Kuna benchi kivulini hapa, anaweza kutungoja."

Kabla sijafungua mdomo Saada akagonga bakora kwenye jiwe. "Bado," alisema, akatangulia kuingia.

Barabara za Pompei ni mawe makubwa yaliyopishana, na kati yake mmechimbika mitaro ya magurudumu ya mikokoteni ya zamani hizo. Mtu mzima wa afya anajikwaa. Nilimshika kiwiko, akanikung'uta. Akawa anaweka bakora, anavuta mguu, anasimama, anaweka bakora. Watalii wakatutangulia, wakapotelea kwenye kona. Nikaanza kujiuliza kama yule mtu wa msikitini hakuwa na haki. Mara nikauona mwavuli mwekundu unarudi. Carla alikuwa amewarudisha wote. "Leo tutatembea taratibu," aliwaambia. "Mji huu hauendi popote."

Tukapita maduka yenye meza za mawe zilizotobolewa matundu ya kuwekea vyungu vya chakula. Tukaingia nyumba ya mwoka mikate, mawe ya kusagia yamesimama uani na tanuri iko wazi, unaweza kudhani mwenyewe ametoka kutafuta kuni. Saada alipapasa ukingo wa tanuri kwa mkono wake ule dhaifu, muda mrefu. Juu ya kuta, kila tulipogeuka, mlima Vesuvio ulikuwa unatuchungulia.

Kisha tukafika walipowekwa watu. Si mifupa tu, ni maumbo yao yaliyomiminwa plasta: mmoja amekaa amejikunyata, mikono usoni. Tukasogea kutazama. Carla akangoja, halafu akauliza, vile walimu wanavyouliza: "Mlima uliwaua watu hawa. Lakini ni nini kilichoutunza mji wao mpaka leo tukaukuta?"

Bwana mmoja akasema ni bahati. Mkewe akasema ni kuta nene. Nikahisi Saada ananipita, anasogea mbele. Mdomo ukafunguka. Nikajiandaa kumsemea, kama nilivyomsemea dukani, hospitalini na kwenye simu miezi yote ile. Carla akaninyooshea kiganja: ngoja.

Tukangoja. Jua lilikuwa kali, na hapana aliyeondoka.

"Ma..." alisema Saada. Shingo ilimsimama mishipa. "Maji..."

Nikachomoa chupa ya maji kwenye mkoba haraka, nikamfungulia. Akaisukuma hata maji yakanimwagikia.

"Majivu," alisema.

Nilisimama na chupa yangu kama mjinga.

"Amesema nini?" akauliza Carla.

Nikamwambia kwa Kiingereza: amesema majivu. Majivu ya mlima ndiyo yaliyoufunika mji na kuutunza.

Carla hakunitazama mimi. Alimwinamia Saada kidogo na kumwambia, "Sawasawa, mwalimu."

Saada akanyanyua kidevu. Kidevu kile mnakijua nyote. Sehemu iliyobaki ya magofu aliitembea akilirudia neno lake kimoyomoyo, midomo inacheza, kama mtoto mwenye peremende asiyotaka iishe.

Kwenye shamba la mizabibu

Wa Oxon Hill, sasa tunafika kwenye glasi yenu.

Chakula cha mchana kilikuwa ndani ya safari ileile. Nyumbani nilipoambiwa ni kwenye shamba la mizabibu nilidhani tutakwenda kukaa chini ya miti tule zabibu. Sikuwaza kwamba zabibu zile zina kazi nyingine. Basi likapanda mteremko wa mlima, udongo mweusi pande zote, mizabibu imejipanga safu kwa safu. Tulipofika nikaona mapipa, nikaelewa. Tumeletwa kiwandani kwa divai.

Mwenye shamba alikuwa mama wa makamo, mnene, sauti kama tarumbeta. Meza ndefu ilitandikwa nguo nyeupe chini ya kichanja cha mizabibu. Carla alikuwa bado anazungumza na dereva kule kwenye basi, kwa hiyo hatukuwa na mkalimani. Mama yule akaanza kumimina divai, glasi kwa glasi. Alipofika kwangu nikafunika glasi kwa kiganja, nikasema, "Muislamu. Hapana." Akajipiga paji la uso, akaomba radhi kwa maneno mengi, akaenda mbio ndani. Akarudi na jagi la udongo linalotoka jasho kwa ubaridi, akanimiminia kitu cha rangi nyepesi, chekundu cha majimaji.

"Uva!" aliniambia. "Solo uva!"

Uva nililijua, Carla alitufundisha asubuhi: zabibu. Zabibu tupu! Nikashukuru moyoni. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la Pompei. Nikasoma bismillahi kwa sauti, nikanyanyua glasi.

"Weye Baba Nasra! Weka chini! Hiyo si juisi, pombe hiyo!"

Meza yote ikatugeukia. Nikatazama nyuma yangu kuona nani aliyesema. Sauti ilikuwa ya Saada, ileile ya kukatia maneno watu harusini, lakini akili yangu ilikataa. Nikageuka, nikamkuta ameziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. Glasi ikaniponyoka, divai ikatapakaa kwenye nguo nyeupe. Sikuijali.

"Umesema nini?" nilimuuliza.

"Nimesema..." Akasita. Nikaona anatafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. "Nimesema weka chini. Inanuka! Na bismillahi umeisoma! Juu ya... juu ya pombe!"

Hapo akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kulia, na mimi nikalia pamoja naye, mzee na ndevu zangu, mbele ya watu wasionijua.

Mama mwenye shamba aliona divai yake imemwagwa na wageni wanalia. Akashika kiuno. Alidhani tumemtukana. Carla akaja anakimbia na mwavuli wake. Nikamweleza kwa shida: huyu hajasema sentensi moja tangu mwaka jana. Carla akayatafsiri kwa Kitaliano, na nikaona uso wa yule mama unabadilika taratibu. Akaeleza naye upande wake: alimaanisha divai nyepesi, ya zabibu za shamba lake tu, haikuchanganywa na kitu, hata bibi yake alikuwa akiinywa akiumwa. Alidhani amenitafutia dawa.

Kisha akaizunguka meza, akamkumbatia Saada hata bakora ikaanguka. Akajigonga kifuani: "Assunta." Akamwelekezea kidole.

Saada akavuta pumzi. "Saada," alisema. Jina lake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu augue, na lilitoka safi.

"Saada!" akapaza sauti Assunta, na meza nzima ikanyanyua glasi, wao na zao, sisi na maji: "Saada!" Mtu angedhani tuko harusini.

Chakula kikaanza kumiminika. Assunta aliondoa kila chenye nguruwe kwa mikono yake. Tukaletewa tambi kwa nyanya tamu zilizooteshwa kwenye udongo ule mweusi, biringani za kukaanga, samaki wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu, na mwishowe vichala vya zabibu zenyewe, zilizochumwa palepale juu ya vichwa vyetu. Saada alionja samaki, akatafuna, akafikiri. Sote tulikuwa tunamtazama.

"Chumvi," alisema. "Chumvi... kidogo."

Carla akatafsiri. Assunta akashtuka, akaonja, akakubali, akaenda kuleta chumvi. Ningeweza kucheza ngoma juu ya meza ile.

Simu kutoka Napoli

Tuliporudi mjini alasiri, tukaingia kibanda cha simu karibu na hoteli. Kule Alexandria ilikuwa bado asubuhi. Nasra akapokea. Binti yetu amezaliwa hukuhuku. Kiswahili anakielewa chote, lakini tangu aanze skuli ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mama yake alikuwa akigombana naye kila siku juu ya hilo, mpaka kiharusi kikaumaliza ugomvi.

Nasra akauliza mfululizo kwa Kiingereza: mmefika, mama yuko vipi, amechoka, anakula dawa? Sikumjibu. Nikamsogezea Saada mkono wa simu.

Saada akaushika kwa mikono yote miwili. Akangoja kidogo, maneno yakusanyike.

"Nasra," alisema. "Umekula?"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa karibu na chake, nikisikiliza. Nilidhani simu imekatika. Kisha nikasikia mtoto anavuta pumzi za kilio.

"Nimekula, mama," akasema kwa Kiswahili. "Nimekula. Sema tena."

Kurudi

Safari ya kurudi haikuwa na kisa, ila begi langu tulilikuta Roma limekaa peke yake, na viatu vipya ndani, safi kabisa. Makubadhi niliyaacha Italia, yalikuwa yamekwisha.

Nisiwadanganye. Maneno hayajarudi yote. Mwalimu wake wa kusema anatuambia kwamba hasira na mshtuko vinaweza kutoa maneno ambayo nia haiwezi kuyatoa, na kwamba kazi iliyobaki ni ndefu. Zipo asubuhi anaamka hana kitu tena isipokuwa "bado." Siku nyingine ananiagiza sokoni vitu vinne na vitatu ni sahihi. Mwalimu yule anafurahi sana. Sisi ndio usiseme.

Jumamosi ya kwanza baada ya kufika, majirani na baadhi yenu wa karibu walikuja. Papa Mbuyi alileta samaki, Nasra akatandika mkeka. Saada alikaa kati yao, amevaa kanga yake mpya, ubani umefukizwa. Nikajikohoza nianze kusimulia, kama ilivyo desturi yangu.

"Baba Nasra," alisema, "nyamaza. Nitasema... mimi."

Akaanza. Lilikuwa jambo la polepole. Alifika mahali akakwama, na watu wakamngojea, na neno halikuja, akalizunguka kwa jingine, akasonga mbele. Papa Mbuyi alikuwa ameinama kabisa, viwiko magotini, asikose hata neno. Kuna mahali nililijua neno analolitafuta, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, na nikaona nikibaki pale nitamsemea. Basi nikainuka, nikaenda jikoni, nikabandika chai ya watu wote, nikatia iliki na mdalasini. Kupitia ukutani nilimsikia anahangaika na kisa cha glasi yangu, anatafuta neno, analipata, kisha nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, na sauti yake ikiwa juu ya zote.